Zephaniah Mwandawiro (1938–1983): Kidonda Kilipona, Damu Ikakataa

Marehemu Zephaniah Mwandawiro alizaliwa Sagalla tarehe 14 Machi 1938, kifungua mimba wa dada yangu Gertrude. Jina nilimchagulia mimi mjomba wake, Gibson, na hakuna hapa aliyewahi kulilalamikia.

Alisoma shule ya misheni hapa Sagalla mpaka darasa la nane, 1954. Mimi niliishia la nne, ila nikabaki kuwa mwalimu wake wa maneno, kwa sababu yeye hakuwa msemaji.

Mwaka 1956 aliajiriwa na reli pale Voi, kazi ya kugeuzia treni njia ya Taveta. Aliifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Tarehe 8 Disemba 1962 alimwoa Jedidah wa Mwatate. Siku ya posa niliongea mimi peke yangu hadi Jedidah akamnong'oneza mamake, "Kwani anayeoa ni nani, huyu ama mjomba wake?"

Mwaka 1982 alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Ilikuwa saratani ya ini. Januari 1983 alipasuliwa Nairobi, kipande kikatolewa, na kidonda kikafunga vizuri. Tukachinja mbuzi. Lakini daktari alituambia damu yake haikumpendeza: chembe nyeupe za aina moja zimejaa kupita kiasi, zile nyingine za kupigana vita virefu zimepungua, na wagonjwa wenye damu hiyo mara nyingi hawaishi sana. Nikamwambia daktari damu ya Mtaita ni ya mlimani, haisomwi na watu wa tambarare. Hakucheka.

Kwetu, mjomba akiweka hasira moyoni, mpwa haponi mpaka aitoe kwa kutasa, yaani kupuliza pombe ya miwa kwa mdomo na kutamka baraka. Zephaniah alikuwa mtu wa kanisa, lakini aliniita.

"Mjomba, uko na neno juu yangu?"

Nikasema sina.

"Tafuta vizuri."

Nilitafuta. Nikaokota kisa cha baiskeli yangu aliyoirudisha bila kengele akiwa kijana, jambo lililokuwa limenichekesha miaka yote. Nikalitasa hilo. Yeye akafunga macho, akangoja.

Damu ilipopimwa tena, chembe za vita zilikuwa zimepungua zaidi. Alinituma nitafute tena. Niliwauliza mpaka majirani kama walishawahi kunisikia nikimnung'unikia. Hakuna. Hasira tunajua kuitoa. Hii ya damu kukataa bila hasira hatukufundishwa.

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 17 Agosti 1983, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jedidah.

Ameacha mjane Jedidah, watoto Lois, Danson na Elsie, mama yake Gertrude, na mimi.

Mpwa wangu, nimetafuta hadi leo asubuhi. Hakuna neno kati yetu. Pumzika kwa amani.