Mama Mizani na Neno la Mgeni

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Nyumba yao ilikuwa na milango miwili. Wa mbele watu walibisha kwa Kiswahili, wa uani kwa lugha ya watu wa ng'ambo ya mto, ambao walikuwa majirani na wakwe. Alikua akijibu kote kuwili, na akigombezwa alijitetea kwa lugha ambayo mgombezaji haijui vizuri.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari 1975, kisha akaingia chuo cha ualimu. Hakumaliza mwaka. Mwalimu wake wa sarufi alimwambia, "Binti, una masikio kuliko subira. Nenda redioni."

Akaenda. Idhaa ya umma ilimwajiri kama mtafsiri wa habari tarehe 2 Februari 1978, na mwaka 2001 akawa mkuu wake. Sharti lake lilikuwa moja: habari isomwe kwa lugha zote mbili kwa uzito uleule, na atakayeipunguza upande mmoja aje amweleze ana kwa ana. Watangazaji walimwita Mama Mizani, mwanzoni kwa kumsengenya.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1983 na fundi mitambo wa kituo, aliyemposa kwa simu ya ndani akidhani laini ni ya wawili tu. Chumba kizima cha habari kilisikia. "Rudia kwa lugha ya pili," marehemu alimjibu, "nisije nikasema sikuelewa." Walijaliwa mabinti wawili.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2016, afisa mmoja alileta tangazo la taarifa ya saa moja: wageni wote wafike uwanja wa mpira Jumamosi, pamoja na familia zao, wakaandikishwe. Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa anayekaribishwa na kwa anayefukuzwa. Lugha ya pili ina mawili, wala hayafanani. Afisa alikuwa amekwisha kumwandikia lile la kukaribisha.

"Mama, soma kama lilivyo."

"Bwana mkubwa, wageni hawa mtawapa viti au malori?"

"Hilo si swali la redio."

"Basi umeshanijibu."

Alisoma mwenyewe, kwa lile neno jingine. Jumamosi malori kumi na mawili yalisimama uwanjani hadi adhuhuri, yakaondoka matupu.

Wiki iliyofuata alistaafishwa. Gari jeupe likaanza kuegeshwa mkabala na nyumba yao kila siku, vioo vimepandishwa. "Angalau hatutaibiwa," alimwambia mumewe, lakini tangu hapo aliketi mbali na dirisha.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2017. Faili lake lilipotea hospitalini mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyeomba radhi. Akauguzwa nyumbani, redio pembeni ya mto wake, akiwasahihisha watangazaji wasiomsikia.

Jumatatu iliyopita, tarehe 4 Machi 2019, taarifa ya saa moja asubuhi ilisoma tangazo lilelile.

"Umesikia neno walilotumia?" alimuuliza mumewe.

"La kukaribisha."

"Waambie watu."

Alifariki siku hiyohiyo, saa kumi alasiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na mashemeji wa ng'ambo ya mto ambao hawakuruhusiwa kuvuka daraja kuja kumzika. Familia imekubaliana haya yachapwe katika wasifu huu wa mazishi kwa lugha zote mbili, ingawa tangu msiba uanze wapo wanaosimama langoni petu wakiandika nani amekuja. Kila mmoja aondoke na nakala yake, na akifika kwake abishe hodi kwa jirani.

Mungu amlaze mahali pa utulivu. Nanyi, Jumamosi msiende.