Mwalimu Libérat Ngendakumana na Chupa Iliyovunjwa Mpakani

Mwalimu Libérat alizaliwa Sange tarehe 14 Juni 1971, mtoto wa tatu wa mzee Ciza, mkulima wa mpunga aliyemwamini kila mtu. Urithi huo ndio uliomponza mwanawe.

Alisoma shule ya msingi Sange, sekondari Uvira, na fizikia Lubumbashi hadi 1996. Kuanzia 1998 alifundisha hapa Uvira mjini, miaka ishirini na sita, akichora vifaa ubaoni kwa sababu vyenyewe havikuwepo.

Tarehe 4 Septemba 1999 alimwoa Marie-Jeanne. Huyu ndiye aliyesikilizishwa, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikipoa mezani, habari za mvuke wa metali ya rubidiamu: kwamba hunywa mwanga wa leza wa rangi fulani usipite hata chembe, lakini ukiongeza mwanga wa leza ya pili, uliopimwa vizuri, atomu huacha kunywa, na ule wa kwanza hupenya kana kwamba chupa ni tupu.

“Mama Noella, atomu iko na njia mbili za kunywa. Zinavutana, moja huku, ingine kule. Inabaki na kiu yake.”

“Basi peleka hiyo leza ku biro ya serikali,” Marie-Jeanne akajibu. “Labda na kule tutaona ndani.”

Miaka kumi na moja alitamani kuliona jambo hilo kwa macho yake, pamoja na wanafunzi wake. Machi 2024, rafiki aliyesoma naye alimtumia leza mbili ndogo na kichupa cha rubidiamu kilichozibwa. Watu walimshauri aandike “vyombo vya shule” kwenye fomu ya forodha. Aliandika “metali ya rubidiamu”, kwa herufi kubwa.

“Weye mwalimu, hii iko madini,” alisema ofisa wa mpakani. “Na sisi tunapima madini, hatupimi chupa. Tutavunja.”

“Musivunje! Ikipata hewa inawaka.”

“Madini inawaka? Tuko batoto?”

Wakavunja. Ikawaka, ikaunguza daftari lao. Ripoti imeandikwa kwa ufasaha: mwalimu alijaribu kuchoma ofisi ya serikali. Siku sita walizomfungia alilazwa kwenye sakafu ya sementi yenye maji. Alitoka akikohoa, na tarehe 9 Mei 2024 homa ya mapafu ilimmaliza, nyumbani kwake. Leza zingali mpakani, zinachunguzwa.

Ofisi hiyo imeleta shada la maua. Imeomba pia dakika tano za kusema neno hapa mazishini. Marie-Jeanne amejibu: “Maua yabaki. Neno walishaandika.”

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, Noella na Jolie, mdogo wake Sylvestre, na darasa zima linalojua hesabu za jambo ambalo halijaliona.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tusipumzike mpaka ripoti ile ifutwe.