Tarehe Aliyoiacha Wazi Kaka Yetu

Mchungaji, wakwe zetu, majirani na ninyi nyote mliotushika mkono, nasimama kwa niaba ya familia kusoma historia ya kaka yetu, ambayo, kama ilivyo kawaida yake, aliichapa mwenyewe, akatuachia kazi ndogo tu ya kujaza tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akasomea upigaji chapa, na mwaka 1977 akaajiriwa kuwa karani wa ofisi ya maji, ambako alikaa dirisha la pili kwa miaka arobaini na mmoja bila kuchelewa hata siku moja, na ukichelewa wewe alikutazama mpaka ukajuta kuzaliwa. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, Mungu akawajalia watoto watatu.

Kanisani alikuwa katibu, na historia nyingi za marehemu mlizowahi kusikia hapa zilitoka kwenye mashine yake, zikichapwa mbiombio jeneza likiwa njiani, na kila moja aliimalizia kwa kutuonya tusiahirishe mambo ya Mungu, kwani kesho si yetu.

Mama yetu alipofariki, Agosti 2013, kaka aliandika na historia ya mama, na katika haraka hiyo akaniruka, ikasomwa kaburini kwamba mama ameacha watoto watatu, nami kitinda mimba, niliyemuuguza, nimesimama pale nimeshika msalaba. Nilisusa. Alimtuma shemeji aseme ameteleza, nikajibu kwamba mtu mzima huja mwenyewe, naye akasema atakuja, baada ya Pasaka, baada ya semina, baada ya uchaguzi wa wazee wa kanisa, hata ikakaribia miaka kumi na mmoja, sote wawili tukishiriki meza ya Bwana, kila mtu na benchi lake.

Februari mwaka huu wa 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumanne tarehe 4 Juni alimwambia binti yake anipigie simu niende, nami nilikuwa juu ya paa la mteja, nikasema nitakwenda Jumamosi nikishamaliza kuezeka, na kwa kuwa tuko mbele za Mungu niseme kweli, nilitaka angoje kidogo, naye aonje. Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, na Jumamosi yenyewe ndiyo hii.

Katika karatasi hii ameandika kwamba alipatana na mdogo wake tarehe, kisha pana nafasi tupu, kisha 2024. Jana shemeji alinipa kalamu, akasema niweke tarehe yoyote, nani atajua. Sikuweza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufariji, na wenzake wa ofisi ya maji. Ila kama umekuja hapa na ndugu yako mmekaa mbalimbali kwa sababu hamsemezani, usije kunipa pole mimi, nenda kwake kwanza, kabla hatujashusha jeneza.

Nimekusamehe, kaka, nimechelewa. Pumzika kwa amani.