Nyusi Zilizokataa Kushuka

Kwenye treni ya asubuhi, dada aliyeketi mbele yangu alivua miwani ya jua ili afute machozi. Nyusi zake zilikuwa zimepanda juu kama za mtu anayesikia uongo. "Daktari wa urembo alivuta ngozi kupita kiasi," alimwambia mama msusi wa kando yake, ambaye hakuwa ameuliza lakini masikio alikuwa nayo. "Leo naenda azishushe. Mume wangu ndiye anayenihimiza."

"Kwani zinamkera?"

"Zinamtisha. Akisema alikuwa kazini, mimi namtazama tu, basi anaanza kukiri mwenyewe. Jana katika kukiri kwake alifika kwa yule binamu yake aliyekuja kukaa kwetu, kumbe si binamu."

Msusi akaacha kutafuna karanga. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mwache kwanza amalize, ndipo uzishushe."

"Lakini mama, hata msibani naonekana siamini kama marehemu amekufa."

"Marehemu hatalalamika."

Treni ikasimama. Dada akainuka, akasita mlangoni, akageuka na kunitazama. Nyusi zilikuwa juu vilevile.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Nilikuwa nasikiliza tangu mwanzo."