Mwiba wa Omoding

Odeke, funga mlango, kisha keti. Amuron, Anyait, nanyi sogeeni huku kitandani, maana sauti yangu haifiki tena hata dirishani na sitaki kurudia neno. Huo uji wekeni kando. Anayekufa hashibi, na mimi nina mzigo wa kutua kabla ya Jumamosi.

Jumamosi mtacheza mchezo wetu, kama kila mwaka wimbi likishavunwa, na safari hii watu wa redio wanatoka Nairobi na mashine ya kunasa sauti. Malaba nzima inaujua mchezo huo. Hata Usman wa duka, ambaye pombe haigusi, hufunga duka aje kutazama jinsi koo mbili zilivyotaka kupatana kwenye chungu kimoja cha pombe, jinsi Omoding, mkuu wa watu wa Chakol, alivyochomoa kisu amuue baba yangu, na jinsi kijana Ongodia alivyomwahi kwa mkuki. Ongodia ni mimi. Miaka sitini mnaniimba. Wewe Odeke ndiye unayenicheza, naye Josiah, mjukuu wa Omoding, humcheza babu yake, huanguka vumbini, na watoto humtupia magunzi wakicheka. Mwaka jana gunzi lilimpata jichoni. Nilimwona akijifuta, nikatazama kando.

Sasa nitegeeni masikio, wanangu. Omoding hakuwa na kisu.

Mila ya chungu mnaijua: wakuu wawili hunywa kwanza peke yao ndani, silaha zimeachwa nje, kila mmoja na mrija wake. Lakini baba hakumwamini mtu. Alinisimamisha gizani nyuma yake na mkuki, na hiyo peke yake ilikuwa dhambi. Omoding akavuta, akavuta, mrija ukaziba kwa makapi. Hebu niambieni, nyinyi mliokulia kwenye pombe ya wimbi, mrija ukiziba mtu hufanya nini? Huingiza mkono kwenye vazi lake, atoe mwiba, azibue. Hata mtoto anajua. Mimi nilijua. Lakini tangu asubuhi baba alikuwa akiniambia, mtazame mkono, mtazame mkono, nikautazama hadi nikasahau yote mengine. Mkono ulipoingia, nilichoma. Alianguka na mwiba kati ya vidole, ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia.

Baba aliuokota mwiba akautupa motoni, akaweka kisu chake mwenyewe, alichokuwa amekificha, kwenye kiganja cha Omoding, ndipo akawaita watu. Akaniambia, “Umeniokoa.” Alilisema neno hilo mara tatu, mpaka nikaitikia. Watu wa Chakol walipokiona kisu waliinamisha vichwa kwa aibu, wakatoa shamba la kando ya mto kuwa fidia. Nilimchukia baba yangu mpaka nikamzika, na mahindi ya shamba lile nikaendelea kuyala. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka sitini, basi msiamini kila methali.

Tangu siku hiyo sijanywa kwa amani. Nikiinama juu ya chungu namsikia kuliani kwangu, anavuta mrija ulioziba, anavuta na hapati kitu. Nilibatizwa, akanifuata hadi kanisani. Wiki hii haondoki kabisa. Yuko hapo, Anyait, karibu na miguu yako. Usihame, hana ubaya na wewe. Ninaogopa, wanangu, ninaogopa kukutana naye nikiwa bado shujaa.

Kwa hiyo, ng'ombe wa maziwa ni wa Amuron. Cherehani na mbuzi ni wa Anyait. Nyumba hii ni yako, Odeke, lakini shamba la mto linarudi kwa Josiah, na usinitajie nyumba uliyoanza kujenga kule, matofali hubebeka. Na Jumamosi, mashine ikishawashwa, usiimbe. Simama mahali pangu useme: hakikuwa kisu, kilikuwa mwiba. Mdomo wa mtu huoza pamoja naye, lakini uongo ukiingia kwenye mashine ile, wajukuu wa Josiah nao watatupiwa magunzi. Najua watakuita mwana wa muuaji. Ni kweli, wewe ni mwana wa muuaji. Anayetaka kunililia amlilie Omoding kwanza, yule hakuliliwa.

Nipeni mikono. Yote... hivyo. Mungu awape usingizi nilioukosa. Wimbi lijae kwenu, wageni wenu wanywe... pasiwe na mtu wa kuwatazama mikono. Watoto wenu wawaulize, nanyi mwajibu.

Huu ni wa Amuron. Huu wa Anyait. Odeke... wako uko wapi? Miaka yote unaucheza ushujaa wangu vizuri hivyo, sasa umenyamaza. Sema kwamba Jumamosi utasema. Taratibu tu... nasikia bado. Sema, mwanangu.