Maneno ya Mwanamke wa Mlangoni

Aliyeniambia kwanza habari za ile filamu ya kizamani ya wapanda farasi ni wifi yangu. Alisema, "Twende ukacheke, umekaa ndani mno." Jumapili tukaenda kwenye banda la video. Sikucheka. Kesho yake mchana nilipeleka kiatu cha mwanangu kwa Fundi Viatu, nikakuta benchi lake linabishania filamu ileile, kwa nini mwishoni jamaa alipanda farasi akamwacha mwanamke mlangoni. Walikuwepo Breki, dereva wa lori aliyestaafu, na Mfasiri, ambaye hushika kipaza sauti bandani na kutueleza kwa Kiswahili wale watu wanasema nini. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao. Nikakaa pembeni na mtoto mapajani.

— Jamaa aliondoka kwa sababu farasi hakuwa wake, alisema Breki. Alimwazima. Angezidisha siku moja, wangemtafuta.

— Wewe hukuangalia buti, akasema Fundi. Kisigino cha kushoto kimelika chote. Alikuwa anatafuta fundi.

— Kwenye nyika ile?

— Ndiyo maana hakurudi.

— Basi nikwambie, aliyeamua safari ni farasi mwenyewe. Nimeendesha miaka thelathini, nakijua chombo kinachomvuta dereva. Yule farasi alikuwa na familia nyuma ya milima.

— Mnabishana bure, akasema Mfasiri, akijimiminia kahawa. Mimi ndiye niliyeifasiri. Niulizeni neno lolote.

Mimi huwa sisemi mbele za watu. Lakini mwaka jana, baba wa mtoto alipokwenda kufanya kazi mbali, nilisimama kama yule mwanamke wa kwenye filamu, mkono kwenye mwimo wa mlango, ila mimi sikusema kitu. Naye hakugeuka. Tangu hapo hunitumia salamu kupitia kwa dada yake, nami humjibu kupitia kwa dada yake huyohuyo.

— Samahani, kaka, nikasema. Yule mwanamke wa mlangoni, vumbi lilipoanza kumfunika bwana wake, nilimwona midomo ikicheza. Alisema nini?

Mfasiri akashusha kikombe.

— Hapo, shemeji... hapo nilikuwa natangaza filamu inayofuata.

— Fundi, wewe ulisikia? akauliza Breki.

— Mimi nilikuwa kwenye buti.

Breki akatikisa birika. Halikuwa na kitu.

— Labda alimwambia asichelewe, akasema, na safari hii hakuna aliyembishia.

Fundi akanipa kiatu, nikaaga.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumwomba wifi simu.

— Nimpe salamu gani? akauliza.

— Leo nitasema mwenyewe.

Akanipa simu, akamchukua mtoto, akatoka naye uani. Mume wangu alipopokea, alidhani ni dada yake. Nikashika mwimo wa mlango.

— Ni mimi, nikasema. Siku ile nilitaka kukuambia usiende.