Jaimini na Wino wa Bluu

Benchi letu liko mlangoni mwa ofisi ya mizigo ya Wekesa, pale Xiaobei, Guangzhou, na kahawa ni ya Fathiya wa Mombasa. Alasiri ile alikuja Dismas, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa ya Kihindi, ambaye sisi tulishampa uprofesa bila kukisumbua chuo. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo. Kwenye dirisha la uhamiaji walikuwa wameikataa fomu kwa sababu aliijaza kwa wino wa bluu, wakampa nyingine tupu.

— Bluu, nyeusi, si zote ni wino, bana? alisema Wekesa.

— Kwa Jaimini, hapana, alijibu Dismas.

— Huyo ndiye ofisa?

— Mwanazuoni wa India ya kale. Alifundisha kwamba ibada ikifuata amri hatua kwa hatua, inazaa matunda yenyewe. Hata miungu haina kazi kubwa.

— Basi alikaa dirisha lilo hilo, alisema Fathiya. Pale napo mtu hana kazi, watakacho ni kopi yake.

— Lakini anaruhusu mbadala. Ukikosa mmea uitwao soma, wa kinywaji cha ibada, unakamua unaofanana nao.

— Si ndiyo hiyo! Bluu inafanana na nyeusi!

— Ukikosa, Wekesa. Kalamu nyeusi zimejaa Guangzhou nzima.

Wekesa hakukubali kushindwa.

— Bana, ile ofisi ni hekalu. Namba ya foleni ndiyo mantra, dua yao. Mashine ya kopi ndiyo moto mtakatifu, unailisha karatasi na bado inataka.

— Na Profesa ndiye mbuzi wa kafara, alisema Fathiya, akimwongezea kahawa.

— Lete pasi nikupelekee mimi, alisema Wekesa. Pale wanasema tunafanana.

— Haiwezekani! Dismas aliinua kidole. Vifaa vina mbadala. Mwenye ibada hana. Sharti awepo mwenyewe, tena kwa wakati wake.

Loyce, mwanafunzi aliyetua juma lile, alikuwa amesimama kando akisikiliza kwa adabu.

— Samahani, kaka. Dirisha si linafungwa saa kumi na moja?

— Ndiyo.

— Sasa ni kumi na nusu. Mwenye ibada anafanya nini hapa?

Wekesa alitazama viatu vyake, kisha akachomoa kalamu nyeusi mfukoni. Dismas alifungua mdomo. Bila shaka kulikuwa na kifungu cha Jaimini. Fathiya akampokonya kikombe.

— Fomu utaijaza kwenye metro, mwanangu. Jaimini mnukuu huku wakimbia!